Amina ya Geti

Mwenyekiti wa mtaa wetu alisema, "Jambo hili limeshaombewa," na hapo ndipo fundi wangu aliponyoosha mkono.

Nilikuwa nimekaa kando yake kwenye benchi la darasa, kwenye uwanja wa shule ya msingi ambako mikutano yetu hufanyika. Nikamvuta baibui taratibu. Namjua. Akinyoosha mkono namna ile, kiwiko kimenyooka kama anasimamisha gari, hakai chini mpaka aseme.

Kwanza niseme sisi ni nani. Mimi nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, duka dogo lenye majora mpaka darini, na wateja wananiita Mama Mapazia. Kwetu ni Kilimanjaro, ni Mlutheri wa kuzaliwa, naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Fundi anatoka Lindi. Ana cherehani mbili mbele ya duka langu, na kitambaa nikishakiuza anakishona palepale, mteja akiondoka anaondoka na pazia lenye mikunjo yake tayari. Anaswali swala zake zote. Adhana ikilia anazima cherehani hata kama sindano imefika katikati ya upindo, na mteja mwenye haraka atajua mwenyewe. Tumekaa hivyo miaka. Sikumbuki siku tuliyogombana, ila kubishana ni kila siku, tena kwa raha, kuanzia mpira mpaka bei ya vitunguu.

Mikutano ya mtaa wetu ilikuwa na utaratibu. Shehe anaanza na dua, mchungaji anafuata na sala, kisha mwenyekiti anasema ajenda. Mara nyingine walibadilishana, mchungaji kwanza. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ilikuwa kama kupangusa viti kabla ya kukalia.

Siku ile shehe alikuwa kwenye maziko, kwa hiyo mchungaji alisimama peke yake. Kabla hajaanza, mwenyekiti alimsogelea akamnong'oneza sikioni. Wote tuliona. Mchungaji akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa uhai, akawaombea wagonjwa, halafu akasema, "Na tunaomba, Baba, ulibariki geti litakalowekwa kwenye kichochoro chetu, likawe ulinzi kwa watoto wetu na mali zetu." Uwanja mzima ukaitikia amina. Mimi nikaitikia kwa nguvu, maana siku hizo nilikuwa na mafua na nilitaka kujua sauti imerudi.

Kichochoro chenyewe kinapita katikati ya maghorofa mawili, kinatuunganisha na mtaa wa nyuma, ambao nao uko chini ya ofisi yetu. Wabeba mizigo wanapitia humo, wanaokwenda msikitini na wanaokwenda kanisani pia. Ni kweli vibaka walikuwa wanajificha humo jioni. Lakini kukifunga kwa geti? Hatukuwa tumelijadili hata kidogo. Wengi tulikuwa hatujalisikia.

Mwenyekiti akasoma ajenda, akafika kwenye geti. Baba mmoja anayeuza ndoo akauliza ufunguo atakaa nao nani. Mwenyekiti akatabasamu, akasema, "Ndugu yangu, jambo hili limeshaombewa na wote mmesema amina. Tusirudi nyuma. Twende ajenda inayofuata."

Ndipo mkono wa fundi ulipopanda.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi niliitikia amina kwa ajili ya wagonjwa. La geti lilipita nikiwa nimeshafungua mdomo."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka kidogo.

"Sasa naomba kuuliza," akaendelea, na hapo hakuna aliyecheka. "Hii ni ofisi ya serikali ya mtaa. Serikali haina dini, tumefundishwa tangu shule. Mimi nina dini, mchungaji ana dini, ofisi haina. Kwa nini ofisi inaomba? Naona tuache kabisa kusali kwenye mikutano hii. Dua na sala, vyote. Tuje tuzungumze geti kama geti."

Sijui niwaelezeje kelele iliyofuata. Watu walisimama, wengine walipanda kwenye mabenchi. Mama mmoja wa kwaya yangu alishika kichwa. Kijana anayeuza chaji za simu alipiga mluzi wa furaha kama ameona goli. Mwenyekiti aligonga meza, akagonga tena, mwishowe akasema kwa kuwa hali ya hewa imechafuka, mkutano unaahirishwa mpaka Jumapili ijayo alasiri, na suala la sala litakuwa ajenda ya kwanza.

Tulirudi dukani tunakimbia kimbia, si kwa hofu, ni ule moto tu wa kutoka mahali palipolipuka.

"Umefanya nini wewe?" nikamwambia.

"Nimeuliza swali."

"Hujauliza swali. Umemtoa Mungu kwenye mtaa!"

"Mungu hatolewi na mimi, dada. Mimi fundi wa mapazia."

Nikampinga palepale. Nikamwambia hata Bungeni wanaanza kwa dua, itakuwa sisi watu wa kichochoro? Akasema dua ya Bungeni inaomba hekima, haiombi muswada wa mtu upite. Nikamwambia basi kosa ni la mwenyekiti, si la sala. Akasema mlango ukiachwa wazi, kosa si la anayeingia peke yake. Nikamwambia huo ni msimamo wa watu wasiomwogopa Mungu. Akanitazama, akavuta kamba ya baibui, akasema, "Mimi?" Tukaangua kicheko wote wawili, maana anayenikumbusha kwenda ibada ya katikati ya wiki ni yeye.

Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kukaa nami miezi ile, kwa matibabu ya goti. Alikuwa akishinda dukani kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya jora, akisuka vikapu vya kamba. Fundi alimwamkia kila asubuhi kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamka salama?"

"Salama mama, goti linasemaje?"

Siku ile mama alisikiliza ubishi wetu wote bila kutia neno. Nilipomuuliza, "Mama, na wewe unaona sawa tuache kusali?" alisema tu, "Nasuka, usinichanganye hesabu."

Wiki iliyofuata duka langu liligeuka bunge. Walikuja kupima mapazia watu ambao nyumba zao nazijua hazina madirisha ya ukubwa ule. Wanashika kitambaa, wanasugua kwa vidole, kisha, "Eti Mama Mapazia, nasikia fundi wako anataka sala zifutwe?" Nami nilikuwa tayari. Nilikuwa na majibu ya asubuhi na majibu ya mchana. Fundi naye, mguu kwenye pedali, anajibu bila kuinua macho. Mteja anageuza shingo huku na huku. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja kununua kitambaa cha meza akakaa mpaka adhana ya adhuhuri.

Ila katikati ya raha ile yaliingia mambo yasiyonipendeza. Siku ya pili, wanaume wawili wa mtaa wa nyuma walikuja kumpongeza fundi. Mmoja akasema, "Umefanya vizuri dada yetu. Wao wanajisalia wenyewe tu, shehe hayupo, wanajifanya mtaa ni wao."

Fundi alisimamisha cherehani. "Hata shehe angekuwepo, ningesema yaleyale."

"Aa, tunaelewa. Mbele za watu lazima useme hivyo."

"Mbele zenu na nyuma zenu nasema hivyo," akajibu. "Kama mmekuja kwa hilo, mmepotea njia. Mapazia ni hapa, hayo mengine sishoni."

Waliondoka wamenuna. Siku hiyohiyo jioni, akina mama wa jumuiya yetu walinipitia wakaniambia nisimame imara, nisimwachie yule Mwislamu afute sala za mchungaji. Nikawaambia anafuta na za shehe pia. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hayo anasema tu. Subiri Jumapili shehe akiwepo, utaona."

Nilikereka kwa niaba ya fundi, ilhali ni mpinzani wangu. Nikamweleza. Akang'oa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha sponji.

"Kwa hiyo kila upande unaamini nasema uongo," akasema.

"Ndiyo."

"Basi Jumapili itabidi nianze na shehe." Shehe yule ndiye aliyewafundisha Kurani wanawe, na ndiye aliyemsimamia alipofiwa na mumewe. Niliona jambo hilo linamwelemea. Nikamwambia anaweza kuniachia mimi nishinde kwa amani, hakuna atakayejua. Akacheka, akanirushia kipande cha kitambaa.

"Na wewe utasema?" akaniuliza.

"Nitasema. Mpaka uombe poo."

"Tutabishana mbele za watu?"

"Tutabishana."

"Halafu Jumatatu?"

"Jumatatu kuna oda ya hoteli, mapazia ya vyumba vyote. Utashona huku umenuna."

Tulifanya mazoezi, nawaambieni kweli. Yeye anashona, mimi nimesimama katikati ya majora na futi shingoni, nahutubia kama niko Mnazi Mmoja. Akiona hoja yangu dhaifu anasema, "Hapo nitakumeza." Nami yake ikiwa dhaifu namwambia. Sijawahi kujiandaa kwa jambo lolote kwa furaha ile, hata harusi yangu. Usiku wa kuamkia Jumapili nililala na hotuba kichwani.

Jumapili alasiri uwanja wa shule ulijaa mpaka getini. Watu waliosema hawana muda wa mikutano ya mtaa walikuwa mstari wa mbele. Mama lishe walifika na masufuria yao, wakawa wanauza mihogo kandokando ya ukuta. Mama yangu nilimleta kwa bajaji, nikamwekea kiti chake cha plastiki kivulini. Mchungaji alikuwepo, amevaa kola yake. Shehe alikuwepo, kanzu nyeupe na koti juu, anasalimiana na kila mtu. Waliketi pamoja meza kuu, wakiongea na kucheka kama watu waliosafiri pamoja.

Mwenyekiti akasimama. Nadhani alikuwa amejipanga, maana alisema kwa ujanja wa upole, "Kabla ya yote, kwa kuwa mara iliyopita shehe wetu hakuwepo na baadhi yetu walijisikia vibaya, leo namwomba shehe peke yake atufungulie kwa dua."

Wale wanaume wawili wa mtaa wa nyuma wakapiga makofi. Shehe akainuka, akarekebisha kofia, akainua mikono.

Na mkono wa fundi ukapanda.

Uwanja ulinyamaza ghafla kiasi kwamba nilisikia mafuta yakichemka kwenye sufuria ya mihogo. Nilimwona anasimama, mkono mwingine umeshika benchi.

"Shehe wangu, shikamoo," alisema.

"Marahaba binti yangu."

"Naomba unisamehe. Nilisema mbele ya mchungaji, na wewe nakwambia mbele yako. Naomba tusifungue kwa dua."

Kuna mtu nyuma alisema, "Astaghfirullah!" kwa sauti kubwa.

Shehe alibaki na mikono juu, kama amesahau namna ya kuishusha. "Unanizuia kumtaja Mola wangu?"

"Sikuzuii. Ukija kwangu na ukamtaja utanikuta nimefunika kichwa na nimekaa mkekani. Lakini hapa tumeitwa na ofisi. Ofisi ikikuita wewe leo na mchungaji kesho, siku itafika itawaambia cha kuomba. Juzi imeshaanza."

Shehe alishusha mikono taratibu. Akamgeukia mwenyekiti. "Mwenyekiti, leo ulitaka niombee nini?"

"Amani tu, shehe. Umoja wa mtaa."

"Na jana uliponipigia simu ulisema nitaje geti."

Mlipuko wa kicheko uliotokea pale sijapata kuusikia tena. Watu walikumbatiana. Muuza ndoo alipiga ndoo yake kama ngoma. Mwenyekiti mwenyewe, ambaye si mtu mbaya, alifunika uso kwa ajenda na mabega yake yakawa yanacheka. Shehe hakucheka, lakini aliketi, akasema, "Basi mimi leo nasikiliza."

Tukaingia kwenye hoja. Fundi alipewa kipaza sauti kwanza, na alisema maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia dukani wiki nzima, na bado yalinisisimua.

"Mimi nikikukatalia jambo lako," alisema, "nimekukatalia wewe. Tutanuniana, kesho tutasalimiana. Lakini ukiliombea jambo lako mbele ya mtaa mzima halafu nikakataa, naonekana ninamkatalia Mungu. Nani hapa ana ubavu huo? Baba wa ndoo aliuliza ufunguo utakaa na nani, akajibiwa limeshaombewa. Lile ni swali la ufunguo, jamani! Na tena, kwenye mtaa wetu kuna Mhindi wa duka la spea, kuna Bohora, kuna kaka wa juisi ya miwa anayesema dini yake ni kwao tu. Wote wanazolewa taka na ofisi hii. Tuliwahi kuwauliza wao waitikie nini?"

Nikasimama mimi. Nilipokishika kile kipaza sauti nilijisikia kama nimezaliwa nacho.

"Ndugu zangu," nilisema, "mimi nilikuja mji huu sijui mtu. Kwetu sikuwahi kukaa karibu na Mwislamu akiomba. Nilijifunza kufungua viganja hapa, kwenye uwanja huu, nikiangalia mama aliyekaa mbele yangu anavyofanya shehe akiomba. Na nimewaona Waislamu wakiinamisha vichwa kwa sala ya mchungaji. Niambieni, ni wapi pengine tunafanya hivyo pamoja? Msikitini siingii. Kanisani hamuingii. Sokoni tunasukumana. Ni dakika zile chache tu, kabla hatujaanza kugombania mitaro. Mkiziondoa, mtanipa nini badala yake? Mwenyekiti akikosea, mrekebisheni mwenyekiti. Msininyang'anye mimi jirani yangu."

Nilipigiwa makofi, naapa. Hata fundi alipiga. Halafu akaomba nafasi, akasema, "Viganja vyako navipenda dada, na jirani yako niko hapa, siendi popote. Lakini mtu akikujua kwa dua ya mkutano tu, bado hajakujua. Wewe umenijua kwa cherehani." Na watu wakampigia yeye.

Mchungaji naye alisimama. Sauti yake ilikuwa na maumivu. Alisema siku ile aliambiwa tu aombee usalama wa mtaa na geti, hakujua lina ubishi, na anaomba radhi kwa hilo. "Lakini," alisema, "kunitoa hapa kwa sababu ya kosa moja, naona kama mnanifukuza nyumbani. Nimewazika wazazi wenu. Nimewaombea siku za mafuriko kwenye uwanja huuhuu." Kina mama wa kwaya walikuwa wanafuta machozi. Nilimtazama fundi, naye alikuwa ameinama.

Wakaongea wengine, wengi, wengine wakarudia, mmoja akaongelea bei ya gesi mpaka akaketishwa. Mwishowe mtendaji wa mtaa, yule mwajiriwa wa ofisi ambaye muda wote alikuwa kimya pembeni ya mwenyekiti, akasema tuamue. Wanaotaka sala na dua ziendelee wasogee kwenye ukuta wa madarasa. Wanaotaka mikutano ifunguliwe bila sala waende upande wa mabomba ya maji.

Hapo ndipo niliona kitu ambacho nikikumbuka hadi leo nywele zinanisimama.

Nilikuwa nimefika ukutani mapema, nimegeuka kuangalia. Nilikuwa nimejiandaa kuona kanzu na mabaibui yanakwenda kule, na sisi tunabaki huku. Wote tulikuwa tunaliogopa hilo bila kulisema, na naamini ndilo lililowajaza watu uwanjani. Lakini watu walitembea hovyo hovyo kabisa! Mzee wa kanisa alikwenda kwenye mabomba. Wale wanaume wawili wa mtaa wa nyuma walikuja kwangu ukutani, wakasimama ubavuni mwa kina mama wa kwaya, wakiangalia viatu vyao. Mume na mke wa duka la vyombo waliagana katikati ya uwanja kama walio stendi. Mwenye spea alisimama kwanza katikati, akatazama kulia na kushoto, akaamua mabomba. Mchungaji alikuja ukutani, nikamsogezea nafasi. Shehe hakunyanyuka. Alisema yeye anaishi mtaa mwingine, hapa ni mgeni, hapigi kura kwenye nyumba ya watu.

Halafu nikamwona mama yangu.

Alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kile kiti cha plastiki kama mkongojo, anakisogeza mbele hatua, anapumzika, anakisogeza tena. Anaelekea kwenye mabomba.

"Mama!" nikaita. "Mama, ni huku!"

"Nasikia ulipo," akajibu bila kugeuka.

Watu walipasuka. Nikamkimbilia katikati ya uwanja, nikamshika kiwiko, nikamwambia kwa kunong'ona, "Mama, wewe ni Mlutheri."

"Najua nilipobatizwa," alisema, naye hakunong'ona hata kidogo. "Lakini kile kichochoro ndicho ninachopitia kwenda kanisani na goti langu hili. Nikizunguka barabara kubwa nafika wamemaliza mahubiri. Sasa nani alimwambia Mungu akifunge? Mimi nilikuwa namwomba anisaidie nifike, kumbe mwenzangu yuko hapa anamwomba anizibie njia, na wewe mwanangu umeitikia amina!" Akanitoa mkono kwenye kiwiko. "Nikisali nasali mwenyewe. Rudi ukutani kwako, usipoteze nafasi."

Nikarudi ukutani. Nilikuwa nacheka na kuona haya kwa pamoja, na mchungaji kando yangu alikuwa anacheka pia, kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama yako ana hoja," aliniambia.

Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Upande wa mabomba ulikuwa umefurika mpaka kwenye vyoo. Mtendaji akatangaza kwamba kuanzia siku ile mkutano wa mtaa utafunguliwa na mwenyekiti bila sala wala dua, na anayetaka kuomba aombe kwa nafsi yake au na wenzake kabla mkutano haujaanza. Watu wakashangilia. Nilishindwa, na nilijisikia kushindwa, kitu kizito hapa kifuani. Lakini juu yake kulikuwa na furaha nisiyoweza kuielezea, ya kuona mtaa wangu umeamua jambo la hatari mchana kweupe, kwa miguu yake, na hakuna aliyerusha hata ganda la muhogo.

Geti likajadiliwa siku ileile, kwa kirefu, kila mtu na lake. Waliolitaka walisema kuhusu vibaka na walisikilizwa. Wasiolitaka walisema kuhusu mizigo, wagonjwa na ibada. Ilikuwa ubishi mrefu na wenye makelele kuliko mkutano wowote tuliowahi kuwa nao. Mwisho geti lilikataliwa, tukakubaliana kuweka taa kali na walinzi wa zamu. Mwenyekiti alikubali, akasema ingawa tumemwonea, anashukuru kwa mahudhurio.

Jumatatu fundi alifika dukani kabla yangu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, ameshika chupa ya chai.

"Umenuna?" akauliza.

"Nimenuna sana."

"Basi mimina."

Nikamimina chai, tukanywa, tukaanza mapazia ya hoteli. Alasiri alikwenda kwa mchungaji, mwenyewe, bila kuniambia. Nilikuja kusikia kwa mchungaji kwamba alimpelekea pazia la dirisha la ofisi yake, na kwamba waliongea mpaka karibu magharibi, na hawakukubaliana.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa ajabu kidogo. Mwenyekiti alisema, "Mkutano umefunguliwa," na tukatazamana, maana palikuwa na shimo pale ambapo sala ilizoea kukaa. Watu hawakujua wafanye nini na mikono yao. Mtoto mmoja mchanga akapiga chafya, mtu akasema, "Afya!" na mwenyekiti akaingia kwenye mitaro. Mimi bado naona nilikuwa sahihi. Ile dakika ya pamoja naitamani, na hakuna kilichokuja badala yake. Lakini nakiri pia kwamba maswali yameongezeka. Watu wanauliza mambo hata ya kijinga, na hakuna anayeambiwa limeshapita mbinguni.

Mama amerudi Kilimanjaro, goti limepona. Mimi na fundi tuko palepale. Wiki iliyopita aliingia mteja, dada mtanashati, karani kwenye ofisi moja ya umma huko mjini. Alichagua kitambaa cha kijani, akasubiri kushonewa, na katika kungoja akasema kwamba ofisini kwao kila Jumatatu bosi anawakusanya duara wanasali kabla ya kazi, na yeye hajui kama aendelee kusimama kwenye duara au abaki kwenye meza yake.

"Kwani mnaonaje?" akauliza.

Fundi alizima cherehani. Nami nikavuta kiti.